Njia ya Chumvi: Bagamoyo hadi Kibirizi

Jumatatu, Bagamoyo

Bamvua imejaa alfajiri. Nilipofika kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa mji, msimamizi alikuwa ameshateremsha mbao za mlango wa bwawa la kwanza ili maji yasirudi baharini na kupwa. Mtaji mkubwa wa mkulima wa chumvi ni huo: maji yanayokuja yenyewe, jua, na upepo wa kusi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ukiambiwa kazi iliyobaki ni kuyaondoa maji na kuiacha chumvi, unaweza kudhani mtu anakaa kivulini na kungoja. Asubuhi moja juu ya kingo hizi inatosha kuondoa dhana hiyo.

Tunatembea kwenye tuta la udongo, yeye mbele, mimi nyuma, tukipishana na vijana waliovaa mabuti ya mpira. Maji hukaa bwawa la kwanza siku kadhaa. Yakikolea huhamishiwa la pili, kisha la tatu, na kila linalofuata kina chake ni kifupi zaidi. Katika mabwawa ya katikati hutangulia kutuama jasi, utando mweupe unaokwaruza nyayo. Jasi ikibaki huko nyuma, maji husogezwa kwenye majaruba ya kuvunia. Chumvi yenyewe haianzi kushuka mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi ya maji yaliyoingia. Hapo maji huwa na rangi ya waridi, kwa sababu viumbe wanaoweza kuishi ndani ya ukali huo ni wachache, miani na bakteria wapenda chumvi, na rangi ni yao. Msimamizi anatumbukiza haidromita, kipimo cha ukolevu wa maji ya chumvi, anainama kuisoma, anatikisa kichwa. Bado.

Kinachohitaji ustadi kuliko vyote ni kujua wakati wa kuacha. Chumvi ikishatuama, maji yanayobaki juu yake yamejaa magnesi, na magnesi ni chungu. Mkulima akiyaacha yakauke yote ili apate magunia mengi, chumvi yake inakuwa chungu, inavuta unyevu wa hewa, inalowana ghalani. Kwa hiyo hufungua mfereji na kuyamwaga yangali maji.

"Ukiona chumvi inalia ndani ya gunia, mwanangu," ananiambia, "ujue mwenyewe alishindwa kuyaaga yale maji."

Nimeamua kuanzia hapa kwa sababu watu huja Bagamoyo kuona mwisho wa njia ya misafara. Wanaonyeshwa magofu ya Kaole, wanaonyeshwa mnara wa kanisa ambako maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, na wanasimuliwa habari za pembe na watumwa. Ni haki wasimuliwe, na wasimuliwe vizuri. Lakini msafara wa kwanza wa pwani ulipopanda bara kutafuta pembe, uliwakuta watu wa bara wana njia zao, masoko yao na vivuko vyao, na sehemu kubwa ya mwendo huo ilikuwa ya chumvi. Nguo na shanga zilitoka huku zikafika ziwani. Chumvi haikuhitaji kutoka huku, kwa sababu kila nchi ilikuwa na yake. Ninapanda bara kuziona nyingine mbili: ya udongo wa Ugogo na ya chemchemi za Uvinza.

Ghalani, mchana, dada wawili wananyunyizia madini joto kwa bomba la mgongoni huku kijana akigeuza chumvi kwa koleo. Wengi tunaamini kwamba chumvi ikishakuwa ya bahari, madini joto yamo humo. Yamo kidogo mno, wala hayabaki kwenye punje. Watu waishio mbali na bahari na samaki wake, hasa milimani ambako mvua imeosha udongo kwa maelfu ya miaka, walivimba shingo kwa rovu vizazi na vizazi, na madhara mabaya zaidi yalikuwa yale yasiyoonekana: mtoto aliyekosa madini hayo tumboni mwa mama huzaliwa na ubongo uliopungukiwa. Uswisi ilianza kuyatia kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan huko Marekani likafuata 1924, na Tanzania iliweka sheria yake katika miaka ya 1990. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu hakuna nyumba inayopika bila chumvi, ya tajiri wala ya fukara. Dada hawa wanawafikia watoto wengi kuliko daktari yeyote ninayemjua, na nimewaambia hivyo.

Jambo moja sikulipenda. Pembezoni mwa mashamba mapya kuna visiki vya mikoko. Jaruba hutaka ardhi tambarare inayofikiwa na maji ya bahari, na mkoko hutaka hiyohiyo. Mikoko ikiisha, mazalia ya kamba na samaki yanaisha nayo, na ukingo wa pwani unaanza kuliwa na mawimbi. Msimamizi anasema shamba lao limefuata mipaka iliyowekwa. Visiki havikuwa vyao, huenda. Lakini vipo.

Jumanne, Dar es Salaam hadi Dodoma

Siku ya kukaa kitini. Basi hadi Dar, kisha treni ya umeme ya reli mpya, ambayo tangu 2024 inafika Dodoma. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ziwa Tanganyika Februari 1858. Sisi tumeimaliza sehemu yetu ya njia hiyo ndani ya mchana mmoja, na jirani yangu wa kiti amelala tangu Morogoro.

Baada ya milima ya Usagara nchi inafunguka na kukauka. Hapa palikuwa na nyika ambayo wapagazi waliiita Marenga Mkali, kwa maji yake ya chumvichumvi. Misafara iliivuka kwa haraka, vibuyu vimejazwa mapema. Ndio mlango wa Ugogo.

Jumatano, Bahi

Basi dogo kutoka Dodoma kuelekea magharibi, na mbele yake bodaboda hadi ukingoni mwa mbuga. Mvua zikinyesha hapa panakuwa ziwa. Sasa ni tambarare ya udongo wa kijivu, imepasukapasuka, na juu yake kuna ukungu mweupe ulioganda ardhini. Ng'ombe wameinamisha vichwa, wanalamba.

Mzee aliyenileta anaitikia "mbukwenyi" za kila tunayepishana naye, kisha ananionyesha wale ng'ombe kwa fimbo. Kwa maoni yake hakuna binadamu aliyegundua chumvi. Mchungaji aliona mnyama anakoshinda akilamba, akalamba naye. Nadhani ana haki, na ushahidi wa mahali pengi uko upande wake. Tembo, nyati na swala hutembea mwendo mrefu kufuata udongo wa namna hii, na mwindaji aliyewafuata alifika palepale.

Ila kuna swali ambalo ng'ombe hawalijibu. Kwa nini mtu aanze kuitafuta chumvi peke yake, kuichuja, kuipika, kuibeba kichwani majuma mazima? Anayeishi kwa nyama, maziwa na damu anaipata ndani ya chakula chake bila kujua. Wamasai wa zamani waliishi hivyo. Anayekula ugali wa mtama au uwele na mboga haipati ya kutosha, maana nafaka haina chumvi ya maana. Kwa hiyo chumvi imefuata jembe. Kila mahali watu walipotulia na kulima, mahitaji ya chumvi yalipanda, na aliyekuwa karibu na chemchemi au udongo wa namna hii akawa na kitu ambacho majirani wote wanakitaka. Na pasipokuwa na chemchemi wala udongo, watu walichoma mabua ya maharage, maganda ya ndizi au matete, wakayachuja majivu. Maji yale yana potasi nyingi, ndiyo maana uchungu unabaki ulimini, lakini mboga inakuwa na ladha.

Akina mama ninaowakuta wako kazini tangu asubuhi. Shikamoo zangu zinapokelewa bila mikono kusimama. Mmoja anakwangua udongo wa juu tu, ule mweupe, kwa kipande cha bati. Anaeleza kwamba ukichimba chini unachukua matope, unachosha kuni bure. Udongo unawekwa kwenye kichujio kilichowekewa nyasi chini, kisha maji yanamiminwa taratibu. Yanayotona chini yana rangi ya chai. Mama mwenye kazi anachovya kidole, anaonja, anamwaga kikombe kingine cha maji juu ya udongo. Hana haidromita, ana ulimi, na kila anapoonja wenzake wanasubiri neno lake. Yakifaa yanakwenda sufuriani juu ya mafiga, na yanachemka mpaka pande za sufuria zianze kushika weupe.

"Ya dukani ni kali tupu," ananiambia akinipa chembe kidogo kiganjani. "Hii inaweka mboga."

Nimeionja. Ina ukali, halafu ina kitu cha nyuma, kama harufu ya mvua ya kwanza. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta chumvi ya Ugogo sokoni ikiwa imefinyangwa madonge, inauzwa kwa misafara. Mimi nimeikuta kwenye kikombe cha plastiki, inauzwa kwa kipimo.

Mahali pengine ninapopajua ambako kazi hii ni ya wanawake kuanzia mwanzo hadi mwisho ni Kibiro, Uganda, chini ya ukingo wa bonde la Ziwa Albert. Kule wana bustani za chumvi. Hutawanya udongo mkavu juu ya ardhi iliyolowa maji ya chemchemi ya moto, udongo unafyonza chumvi, jua linakausha, wanaukusanya, wanachuja, wanachemsha, kisha wanautawanya tena udongo uleule. Bustani hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba hapo kuanzia 1989 akaona kazi hiyo imeendelea kwa karne nyingi, na ilikuwa moja ya nguzo za ufalme wa Bunyoro. Nilipowasimulia akina mama wa Bahi, swali lao la kwanza lilikuwa kuni. Wanapata wapi kuni? Ndilo swali lenyewe. Popote chumvi inapopikwa kwa moto, msitu ndio unaolipa, na huku Ugogo msitu umekwisha kulipa sana.

Alhamisi na Ijumaa, ndani ya treni

Reli ya zamani, ile ya mita moja, usiku na mchana na usiku tena. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mapema 1914. Kutoka bahari hadi ziwa ni kilomita zipatazo 1,250.

Saranda, Manyoni, Itigi. Kila stesheni ina bidhaa zake: asali, kuku wa kuchemsha, karanga. Mayai yanauzwa na chumvi imefungwa kwenye kipande cha gazeti, bure. Mtoto akipitisha kifurushi hicho dirishani haoni kama ametoa kitu.

Kitu hicho kimewahi kuwa ukuta wa nyumba. Ibn Battuta, yule Mmoroko aliyelala Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, miaka 20 na ushei baadaye alivuka Sahara akapita Taghaza, kijiji cha machimbo ya chumvi. Aliandika kwamba nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia, na kwamba waliochimba walikuwa watumwa. Hapakuwa na mti. Chakula kililetwa kwa ngamia, na chumvi ikaondoka kwa ngamia haohao kwenda Mali, kwenye dhahabu. Msafiri mmoja ameiona pwani yetu na ameuona mji ule. Ninapenda kufikiri alichokula Kilwa, wali na mchuzi wa samaki, kilikolezwa na chumvi ambayo hakuna aliyeifikiria mara mbili.

Tabora tumesimama muda mrefu. Hapa njia za misafara ziligawanyika, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, nyingine magharibi kwenda Ujiji. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa njia hizi. Kabla ya kuwa wapagazi mashuhuri wa pembe, walishakuwa wafanyabiashara wa majembe ya chuma, shaba na chumvi. Walikuwa na miguu, walikuwa na taratibu za safari, walizijua lugha za njiani. Pwani ilipotaka pembe iliajiri ujuzi uliokwisha kuwepo. Vitabu vyetu vya shule huwataja Wanyamwezi kana kwamba walianza kutembea siku mteja wa pembe alipotokea, na mimi jambo hili linaniuma.

Kaliua, usiku. Tawi la reli linashuka kusini kwenda Mpanda. Mbele zaidi ya huko, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, kuna Ivuna, ambako vilima vya vigae na majivu vinaonyesha watu walipika chumvi tangu karne ya 13 hivi. Wanasayansi wa anga wanalijua jina la Ivuna kwa sababu nyingine kabisa: Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo cha aina adimu sana, na herufi I inayotambulisha kundi zima la vimondo vya aina hiyo imetokana na Ivuna. Sehemu moja, sifa mbili, na ndani ya behewa langu hakuna aliyewahi kusikia hata moja. Nimewasimulia mpaka mhudumu akaja kuzima taa.

Jumamosi, Uvinza

Tumeshuka na jua. Mji ni mdogo, stesheni katikati yake, milima ya miombo pande zote. Mto Ruchugi unashuka kutoka kaskazini, kutoka Uha, na kusini mwa mji unajitupa Malagarasi. Chemchemi za chumvi ziko kwenye eneo hilo la makutano.

Hapa hakuna bahari. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 nyuma yangu. Chumvi imefungwa ndani ya miamba ya kale, maji yanapita humo chini, yanaiyeyusha, yanapanda nayo juu. Nilipoonja maji yenyewe niliyatema papo hapo. Ni makali kuliko ya bahari, na baada ya ukali hakuna uchungu unaofuata. Ndiyo sababu chumvi ya Uvinza ilisifiwa na kila msafiri aliyepita, Burton akiwa mmojawapo. Msimamizi wa Bagamoyo angekaa na maji haya akafurahi. Sehemu kubwa ya kazi yake ameshafanyiwa na ardhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba kwenye chemchemi hizi. Walipata majivu, mkaa, vigae na mashimo yaliyosiribwa udongo, na tabaka za chini kabisa zilionyesha kwamba kazi ya kupika chumvi hapa ilianza karne ya 5 au ya 6 BK. Wakati huo Kilwa haikuwa mji. Uislamu ulikuwa haujaanza kuhubiriwa. Watu wenye chuma na jembe walikuwa wameingia nchi hii, wakapata chemchemi, na tangu hapo, kwa vipindi, moto umewaka kando ya Ruchugi kwa karibu miaka 1,500. Sijui viwanda vingi duniani vyenye umri huo vinavyoendelea kutoa bidhaa ileile mahali palepale.

Nilitarajia kibao. Barabarani kuna vibao vya shule, vya zahanati, vya makanisa na vya simu. Cha chemchemi hakipo.

Jumapili, Uvinza

Baada ya ibada nimekaa na mzee mmoja barazani kwake. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya chumvi kiwandani. Ya zamani zaidi aliyasikia kwa wazee wake. Mimi namwita babu, yeye ananiita mjukuu wa pwani.

Anasema kazi ilikuwa ya kiangazi. Masika mito hufurika na maji matamu huingia chemchemini, yakadhoofisha chumvi. Basi watu walivuna kwanza, wakaweka mazao ghalani, ndipo wakaja. Walikuja Waha kutoka kaskazini, Watongwe kutoka kusini, Wajiji, Wanyamwezi, kila kundi na vyungu vyake. Walijenga vibanda vya nyasi, wakakata kuni, wakapika mchana na usiku, na kabla ya mvua kila mtu akarudi kwao na mzigo. Palikuwa na tambiko kabla ya kufungua chemchemi, na palikuwa na miiko ya namna ya kuzikaribia.

"Hata waliokuwa na ugomvi?" nimemuuliza.

"Ugomvi uliachwa njiani. Ukiuleta kwenye chumvi, utakula nini nyumbani?"

Watawala wa Kivinza hawakuhitaji kupika. Walikaa kwenye chemchemi wakachukua sehemu yao ya chumvi kwa kila aliyepika, na walikaa kwenye vivuko vya Malagarasi wakachukua nguo na shanga kwa kila msafara uliotaka mtumbwi. Burton alilalamika sana kuhusu hongo, yaani ushuru, ya kivuko. Mimi naona ilikuwa serikali inayojua chanzo cha mapato yake. Mahali pengi duniani watawala wamesimama palepale, na mara nyingine wakasimama kwa ubaya. Wafalme wa Ufaransa walitoza kodi ya chumvi iliyochukiwa hadi ikafutwa mwaka 1790, mapinduzi yalipokwisha kuanza. Waingereza waliwakataza Wahindi kujitengenezea chumvi ya bahari yao wenyewe, mpaka Gandhi alipotembea kilomita karibu 390 hadi Dandi, Machi na Aprili 1930, akainama akaokota chumvi ufukweni. Tofauti na hapa ni hii: mtawala wa Kivinza alichukua sehemu, lakini chemchemi ilibaki wazi kwa Mha, Mtongwe na Mnyamwezi. Aliyekuja na chungu chake hakufukuzwa.

Mlango huo waliufunga Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni yao iliweka kiwanda hapa, wakakiita Gottorp, jina la ngome ya kwao kaskazini mwa Ujerumani. Kazi ikahama kutoka kwa familia zilizokuja na vyungu ikawa ya vibarua wa mshahara. Reli ilipopita, chumvi ikapanda behewani. Wakaja Waingereza, ukaja uhuru, viwanda vikataifishwa, vikabinafsishwa. Chumvi imeendelea kutoka wakati wote huo. Babu anazungumzia enzi zote hizo bila kupandisha sauti. Sauti ilipanda aliposema kwamba wajukuu zake wanadhani chumvi ya Uvinza ilianza na kiwanda.

Jioni nimetembea hadi ukingo wa Ruchugi. Ukikwaruza udongo kidogo tu vigae vinatokea, vyembamba, vingine vina mistari ya mapambo. Chungu cha kupikia chumvi hakidumu, kinapasuka kwa moto na chumvi, kinatupwa. Aliyekitia mistari alijua hivyo, na bado alikaa akaipanga vizuri. Vigae nimeviacha vilipokuwa. Ni kumbukumbu ya mahali hapa, wala si vya kubebwa mfukoni.

Jumatatu, Ujiji na Kigoma

Barabara nzuri, mwendo mfupi, dagaa zimeanikwa kila upande kadiri tunavyokaribia ziwa.

Watalii wanaletwa Ujiji kwa ajili ya mwembe na jiwe la Livingstone na Stanley, 1871. Nimepita, nimesoma, nimeendelea hadi sokoni, maana soko ndilo lililoufanya mji. Katika miaka ya 1870 watu walinunua hapa kwa shanga ziitwazo sofi, na kila kabila lilikuwa na bidhaa yake: samaki, mafuta ya mawese, mbuzi, na Wavinza na chumvi yao. Kutoka hapa ilivushwa kwenda Manyema, huko Kongo, ikapanda Burundi, ikashuka kusini kandokando ya ziwa.

Kigoma mjini nimeongea na muuguzi mstaafu, nikimuulizia habari za chumvi ya kukaushia samaki. Yeye alitaka kunieleza kitu kingine. Mei 2015 maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji cha ufukweni mpakani, pasipo na barabara. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba, ile ya Wajerumani iliyozinduliwa hapa Kigoma mwaka 1915, ilitumwa kuwahamisha watu, na waliofika walipokewa kwa vikombe.

Ndani ya vikombe mlikuwa na maji, sukari na chumvi. Kipindupindu kinaua kwa kuukausha mwili, na maji matupu hayatoshi kuurudishia. Katika utumbo, sukari na chumvi huvuka pamoja. Kila moja humfungulia mwenzake mlango, na maji hufuata. Utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu bado unaweza kufanya hivyo. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawapa wagonjwa mchanganyiko huo wa kunywa, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Mama huyu hakulijua jina la Mahalanabis, lakini kipimo anakijua usingizini, na alinitaka niandike: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto, kwa hiyo pimeni, msikadirie kwa macho. Hata klorini inayotiwa kwenye maji ya kambi ili ugonjwa usienee hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi.

Alinikumbusha pia upande wa pili, kwa sauti ya wodini. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, na hapo imehesabiwa ya kwenye mboga, mkate na dagaa za kukaushwa. Presha anayoiona mtaani kwake inamtisha kuliko kipindupindu.

Jumanne, Kibirizi

Kibirizi ni bandari ya maboti ya mbao, kaskazini kidogo ya mji. Makelele, matope, mashine zinajaribiwa, vijana wanapandisha mizigo kwa ubao mwembamba. Saruji, sabuni, unga, mabati. Na viroba vya chumvi ya Uvinza, nimesoma maandishi yake mwenyewe kuhakikisha.

Mama mwenye mzigo ametoka ng'ambo. Kiswahili chake ni cha Kongo, chepesi, cha kupanda na kushuka. Nimemuuliza kwa nini asichukue chumvi ya bahari, na hapa ipo dukani. Amenitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini asinywe maji ya ziwa jingine.

"Hii ndiyo watu wanaijua, ndugu. Bibi yangu alipikia hii. Nikiwapelekea ingine, watairudisha."

Mzigo wake unashuka Baraka; wa mwenzake unakwenda Kalemie. Nahodha ameanza kuita majina ya wenye viroba, na mama amekunja kanga, ameniachia daftari langu na kuingia majini hadi magotini kuhesabu mzigo wake kimoja kimoja kabla boti haijaondoka.